Volti zipo, stata haizunguki: kisa cha betri ya msokoto pale Unga Limited

Betri ilifika mezani kwangu ikiwa na volti 12.68, na mwenye gari alikuwa ameshanunua stata mpya.

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya kubebea watalii, ile ya paa la kunyanyua, injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2. Lina betri mbili. Moja ni ya kuwashia injini, ya msokoto, zile zinazoonekana kama makopo sita yaliyobanwa pamoja. Ya pili ni ya kawaida, ya friji na ya kuchajia simu na kamera za wageni. Kati yake kuna rilei inayozitenganisha injini ikizimwa, ili friji isiinyonye betri ya stata usiku kucha.

Asubuhi tatu mfululizo, kule juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro ambako baridi haina utani, dereva aligeuza ufunguo akasikia ta-ta-ta-ta. Taa zinawaka, honi inalia, redio inaimba, stata haizunguki. Mara zote tatu alibusti kutoka betri ya friji na gari likawaka bila kusitasita. Aliporudi mjini Arusha, gereji moja ya mtaa wa Unga Limited ikasema stata imekufa, ikafungwa mpya. Siku ya kwanza gari liliwaka, jambo lililowapa wote moyo. Siku ya pili ta-ta-ta-ta ikarudi.

Ushahidi wa maana kuliko wote ulitoka kwa dereva, mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alisema, "Fundi, mimi sijui umeme. Lakini betri ya friji, tena ya bei rahisi, inazungusha stata ileile. Sasa stata ina kosa gani?"

Sikuwa na jibu la kumpinga, wala mtu yeyote pale gereji hakuwa nalo. Ila hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kupima betri bila mzigo ni sawa na kumuuliza mgonjwa aliyelala kama anaweza kubeba gunia. Atasema anaweza. Kwa hiyo nilimweka kwenye usukani chalii mmoja wa chuo aliyekuwa kwangu kwa field, nikashika multimita na klampu ya ampea, nikamwambia apige stata kila ninapoinua mkono.

Kati ya nguzo ya hasi ya betri na bloku ya injini: volti 0.12. Kati ya nguzo ya chanya na boliti kubwa ya stata: 0.21. Nyaya na vibano havina kosa. Kisha nikachomeka ncha za multimita juu ya nguzo zenyewe, kwenye risasi, si kwenye kibano: 7.1. Klampu ilionyesha karibu ampea 270 kabla solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, haijaachia na kuanza kudonoa upya.

Toa 7.1 kwenye 12.68 unabaki na 5.58. Gawanya kwa 270 unapata miliomu 20 na ushee (omu ni kipimo cha ukinzani, miliomu ni sehemu yake ya elfu). Betri ya msokoto ya ukubwa ule, ikiwa nzima, ukinzani wake wa ndani ni kama miliomu 3. Kwa hiyo kulikuwa na miliomu 17 au 18 za ziada zimejificha mahali ndani ya boksi. Hapo ndipo taa zilipotudanganya. Taa za mbele zinavuta kama ampea 10. Ampea 10 kwenye miliomu 18 zinapoteza volti 0.18, na hakuna jicho linaloona taa imefifia kwa kiasi hicho. Stata inataka ampea mia mbili, mia tatu. Pale volti tano zinaliwa njiani.

Ingeweza kuwa seli moja imekauka. Seli iliyokufa kabisa ningeiona kwenye volti za kupumzika, maana kila seli ya risasi ni volti 2 na kidogo, na betri yenye seli tano hai husoma 10.5 au hapo jirani. Lakini seli iliyokauka nusu inaweza kuonyesha volti nzuri ikilala na kuanguka ikibebeshwa mzigo, sawasawa na huyu mgonjwa wetu. Nilitofautisha kwa njia ambayo simshauri mtu: niliwasha taa, nikagonga mfuniko kwa mpini wa bisibisi. Multimita iliruka kutoka 12.44 hadi 12.61, ikarudi, ikaruka tena. Seli kavu haisikii bisibisi. Kiungo cha ndani kilichokatika, kati ya seli na seli, kinasikia. Nasema simshauri mtu kwa sababu kiungo kilichokatika kinatoa cheche, na juu ya pleti kuna hidrojeni. Nimeshaona mfuniko wa betri ukienda kugonga dari, na aliyekuwa ameinama juu yake aliokolewa na miwani ya jua aliyoivaa kwa ajili ya mapozi tu.

Mwenye gari alinunua betri nyingine. Hii akaniachia, na kwa wiki chache zilizofuata ikawa darasa langu na la chalii wangu.

Mkeka ndani ya kopo

Watu wengi hudhani betri ya msokoto ni kitu cha juzi. Betri ya kwanza kabisa ya risasi ya kuchaji, ile ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859, ilikuwa ya msokoto: kanda mbili za risasi zimetenganishwa zisigusane, zikaviringishwa pamoja kama mkeka na kutumbukizwa kwenye asidi ya salfa. Pleti bapa tulizozizoea zilishika soko baadaye, hasa baada ya Camille Faure mwaka 1881 kuonyesha namna ya kupaka tope la oksidi ya risasi juu ya pleti. Msokoto ulirudi miaka ya 1970 kwa kampuni ya Gates ya Denver, Marekani, safari hii ukiwa umefungwa kabisa, asidi yote imenyonywa na blanketi jembamba la nyuzi za kioo lililo kati ya pleti. Hiyo ndiyo sababu ukiipindua haimwagi.

Faida yake ni mbano. Kopo la duara linaubana mkeka sawa pande zote, kwa hiyo tope halidondoki kirahisi gari likipita kwenye matuta, na pleti zinaweza kuwa nyembamba sana, karibu milimita moja. Pleti nyembamba na nyingi zina uso mkubwa, na uso mkubwa unatoa ampea nyingi kwa mara moja. Hasara yake ni nafasi: duara ndani ya mraba linaacha zaidi ya asilimia 21 wazi, ndiyo maana kwa boksi la ukubwa uleule betri ya pleti bapa hukaa na friji muda mrefu zaidi.

Sasa swali ambalo chalii aliniuliza akiwa anatazama picha niliyomchorea, na lilikuwa swali zuri: "Fundi, kama pleti ni ukanda mmoja mrefu, si unatosha waya mmoja mwishoni?"

Nilimwambia tupige hesabu. Kopo la seli yetu lilikuwa na kipenyo cha milimita 76, na katikati kitovu cha milimita 12. Pleti chanya, pleti hasi na blanketi mbili pamoja zina unene wa kama milimita 4. Kutoka kitovuni hadi ukingoni ni milimita 32, yaani mizunguko 8. Ukiukunjua mkeka huo unapata ukanda wa mita 1.1. Risasi ni kondakta mvivu. Ukinzani wake ni kama mara 12 ya shaba. Ukichukulia wavu wa pleti una risasi inayolingana na ukanda wa urefu wa kwenda juu wa milimita 130 na unene wa nusu milimita, mita 1.1 yake ni kama miliomu 3.5. Umeme haupiti wote kutoka mwanzo hadi mwisho, unakusanywa njiani, kwa hiyo hesabu ya haki ni theluthi moja: miliomu 1.2. Weka na pleti ya pili, 2.4. Mara seli sita, zaidi ya miliomu 14. Hiyo ni betri mpya kabisa ambayo ingekuwa na ugonjwa uleule wa hii mbovu yetu, tangu kiwandani.

Ndiyo maana pleti ya msokoto ina masikio mengi. Sikio ni kile kipande cha risasi kinachochomoza ukingo wa juu wa pleti ili umeme utoke. Ukiweka sikio moja kila mzunguko, masikio manane, kila sehemu ya pleti iko karibu na mlango wake, na ule upotevu wa miliomu 1.2 unashuka hadi chini ya sehemu moja ya mia ya miliomu. Kwa mzigo wa stata hata hauhesabiki.

Lakini masikio hayo lazima yatokee upande mmoja. Ya chanya yote yajipange mstari mmoja kutoka kitovuni kwenda nje, ya hasi yajipange upande wa pili wa kopo, ili juu yake imwagwe risasi iliyoyeyuka na kuyashika yote kwa mkupuo. Mkanda huo wa risasi ndio mafundi tunaouita daraja, maana unaendelea kuvuka ukuta hadi seli ya jirani. Na kupanga masikio ni kazi ngumu kuliko inavyosikika.

Chalii alikata boksi la sabuni la karatasi ya mawimbi, lile lenye unene wa karibu milimita 4, akalifanya ukanda wa mita moja na kidogo. Akaweka alama kila baada ya sentimita 14, kwa rula, kwa uaminifu mkubwa. Kisha akauviringisha kwenye maka peni. Alama zilitawanyika kama ndege waliorushiwa jiwe: moja kaskazini, nyingine mashariki, mbili zimekutana kusini. Akanitazama.

Mzunguko wa ndani kabisa una urefu wa kama milimita 50. Wa nje kabisa una 226. Kila mzunguko unaongezeka kwa mara mbili pai ya unene, yaani milimita 25. Kwa hiyo nafasi kati ya sikio na sikio lazima ikue vivyo hivyo: 63, 88, 113, 138, na kuendelea kwa kuongeza 25 kila mara. Akachora upya, akaviringisha, na alama zikasimama mstari mmoja. Alicheka peke yake.

Nikamwambia abane kidogo zaidi anapoviringisha. Mstari ukapinda. Hapa ndipo mtengenezaji wa betri hizi anapopatia au kukosea: kama unene halisi ni milimita 4.2 badala ya 4, sikio la nane linakosa mahali pake kwa zaidi ya sentimita 3. Halikai tena chini ya daraja. Na sikio la nane si la kupuuza. Mzunguko wa nje peke yake unabeba moja ya tano ya pleti nzima. Mizunguko mitatu ya nje inabeba zaidi ya nusu. Ukipoteza sikio la kitovuni hutajua. Ukipoteza yale mawili matatu ya nje, nusu ya umeme wa seli inaanza kutembea kwa miguu kuzunguka mkeka kutafuta mlango.

Tulichokikuta

Tulikata mfuniko siku iliyofuata, nje, upepo ukivuma, baada ya betri kukaa bila kuchajiwa usiku kucha. Msumeno wa mkono, si grainda. Magadi yaliyokorogwa kwenye ndoo, glavu, miwani. Ndani hakukuwa na maji ya kumwagika, ila nyuzi za kioo zilikuwa na unyevu wa kutosha kutoboa suruali, na za kwangu zilitoboka.

Tuliunga taa kadhaa za mbele sambamba ili zivute ampea 50, tukapita daraja moja baada ya jingine kwa ncha za multimita. La kwanza: milivolti 3. La pili: 3. La tatu, kati ya seli ya tatu na ya nne: milivolti 900. Chalii alidhani ncha imeteleza, akarudia. 900. La nne na la tano: 3 na 3.

Milivolti 900 kwa ampea 50 ni miliomu 18. Zile tulizozitafuta.

Kwa macho, daraja lile lilionekana zima. Ilibidi nilipige mswaki ndipo ufa ukaonekana, mwembamba kama unywele, pale daraja linapopungua upana ili livuke ukuta. Nililishika kwa koleo nikalizungusha kidogo likatoka mkononi. Sehemu iliyovunjika ilisimulia hadithi yote. Zaidi ya nusu yake ilikuwa ya kijivu iliyofifia, yenye unga mweupe: ufa wa zamani, asidi na hewa vimeshaingia na kuacha salfati. Sehemu ndogo upande wa juu ilikuwa inang'aa na ina vishanga vya risasi vilivyoyeyuka na kuganda. Hapo ndipo ampea 270 zilikuwa zinapenya. Ampea hizo kwenye miliomu 18 ni zaidi ya wati 1300, karibu na birika la umeme, zimewekwa kwenye kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi. Kilichoiokoa isiyeyuke kabisa ni ile ta-ta-ta-ta: solenoidi ilikuwa inaachia kabla joto halijakusanyika.

Nilitaka kuishia hapo na kulaumu barabara. Kutoka lango la Lodoare la Ngorongoro hadi lango la Naabi la Serengeti, kila mtu anajua matuta yale yanavyofanya gari. Lakini matuta yanapita chini ya betri za magari yote, na nyingi hazikatiki. Nilimpigia dereva nikamuuliza betri ilikuwa imefungwaje. Akasema fremu ya kushikilia ilipotea zamani, ilikuwa imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Betri ya kilo zaidi ya 15 ikiruka kwenye mpira, kila seli ndani yake inataka kuruka kwa wakati wake. Makopo yenyewe yanabana mkeka vizuri, lakini kinachounganisha kopo na kopo ni daraja gumu lisilopinda, na mahali lilipo jembamba ndipo panapolipa.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo tyubu ya baiskeli haihusiki nalo. Seli ya nne, upande wa hasi, masikio mawili ya nje hayakuwa yameshika. Nililivuta moja kwa koleo likachomoka taratibu kama jino la mtoto, likaacha shimo laini, safi, lenye umbo lake. Risasi ya daraja ilimwagwa ikalizunguka bila kuungana nalo. Aidha sikio lilikuwa na kutu ya oksidi, aidha risasi ilikuwa imepoa. Na yalikuwa yamekaa pembeni kabisa ya daraja, si katikati yake. Mkeka ule ulikuwa mnene kidogo kuliko ulivyopangwa. Siwezi kuthibitisha kwamba hilo lilileta ufa. Ninachojua ni kwamba, mikondo ikipita masikio sita badala ya manane, upande ule wa daraja ulikuwa unapata joto zaidi ya wenzake kila siku ya maisha yake.

Kuunga upya, vibaya kisha vizuri

Jaribio langu la kwanza naona aibu kulieleza, lakini ndilo wengi hulifanya. Nilichukua waya wa shaba wa milimita za mraba 35, nikausafisha, nikaulehemu juu ya mabaki ya daraja kwa lehemu ya kawaida ya bati na risasi. Kwa karatasi ni nzuri mno: shaba ya milimita za mraba 12 tu ingetosha kulingana na daraja la risasi la 150, na mimi niliweka karibu mara tatu. Nikairudishia mfuniko kwa silikoni. Niliifunga kwenye pikapu yangu na iliwaka kama mpya.

Wiki ya nne ilikufa. Nilipofungua, waya ulikuwa na rangi ya kijani inayoelekea bluu, nyuzi zake zimeliwa, lehemu imejaa vinyweleo vyeupe. Asidi haihitaji kumwagika ili ifike juu. Inapanda taratibu kama utando kwenye uso wa risasi. Oksijeni inayotoka pleti chanya ipo hapohapo, na shaba kwenye asidi yenye oksijeni inayeyuka. Ikishayeyuka inasafiri hadi pleti hasi na kutua juu yake, na pale inarahisisha hidrojeni kutoka. Yaani nilikuwa nimeua kiungo na kuanza kuikausha seli kwa wakati mmoja. Silikoni nayo haishiki plastiki ya betri, maana ni polipropilini, haikubali gundi karibu yoyote. Hewa ilikuwa inaingia, na pleti hasi ikipata hewa inajitoa chaji yenyewe.

Mara ya pili tulikaa chini na karatasi kwanza.

Kitu cha kuunga kiwe risasi, basi. Lakini risasi gani? Kwenye kona ya karakana nina ndoo ya madaraja ya betri za maji za malori, na mkono ulitaka kwenda huko. Madaraja yale mara nyingi yana antimoni ndani yake ili yawe magumu, na antimoni kwenye betri iliyofungwa ni mgeni mbaya: inaongeza utokaji wa hidrojeni, na daraja la hasi lenye antimoni, likiwa juu ya asidi bila kuzama, linaliwa haraka. Nilitafuta betri nyingine mfu ya aina ileile, nikayeyusha madaraja yake.

Ukubwa tuliupanga kwa kuanzia upotevu tunaoukubali, si kwa kuangalia kilichokuwepo. Tukikubali milivolti 15 kwa kila daraja kwenye ampea 300, hiyo ni mikroomu 50. Umbali wa kuvuka ni milimita 40. Kwa risasi, hesabu inatoa eneo la mkato la milimita za mraba 168: unene 12, upana 14. Upana huo ubaki uleule mwanzo hadi mwisho, bila shingo. Ukuta wa plastiki ndio tuliouchonga chini milimita chache ili kuupisha, badala ya daraja kuupisha ukuta. Kipande chote kina uzito wa kama gramu 76, na uzito huo usining'inie. Chini yake tuliacha kitako cha plastiki ili kibebe.

Kalibu tuliitengeneza kwa vipande vya chuma cha pembe, tukavipaka masizi ya mshumaa ili risasi isigande navyo. Masikio yale mawili yaliyolala tuliyasugua kwa brashi ya waya hadi yakang'aa, na tukayaunga mara moja, kwa sababu risasi iliyong'aa asubuhi ni ya kijivu saa sita. Joto tulilipata kwa njia ya mafundi wa zamani: kijiti cha kaboni kilichotolewa ndani ya betri kubwa ya tochi, kimeunganishwa kwenye betri ya gari, kikiguswa kwenye risasi kinakuwa chekundu na kuyeyusha pale tu unapotaka. Mwali wa gesi ungeyeyusha na ukuta. Seli nyingine zilifunikwa kwa vitambaa vibichi, na chalii alikuwa anapepea kwa kipande kilekile cha boksi la sabuni ili hidrojeni isikae. Moshi wa risasi haufai kuuvuta, kwa hiyo tulikaa upande upepo unakotoka.

Dalili ya kuungana ni moja: uso wa risasi unafanana na kioo kwa nukta moja, na ukingo wa sikio unatoweka. Ukiendelea kuuona ukingo baada ya kupoa, ujue umelipaka tu.

Mfuniko tuliuchomelea kwa pasi ya kulehemu na vipande vya plastiki vya boksi la betri nyingine, pande zote, na vali zake tukazirudisha.

Daraja jipya likasoma milivolti 4 kwa ampea 50 pale ambapo la zamani lilisoma 900. Tulilipangia 2.5, zilizobaki ziko kwenye maungio ya mkono wangu. Kwenye pikapu, stata ikizunguka, nguzo za betri zilishuka hadi 10.4 na si chini. Tulipoitoa chaji polepole ili kupima ujazo, ilitoa ampea-saa 31 kati ya 50 zilizoandikwa ubavuni, kwa sababu daraja zuri haliwezi kurudisha ujana wa pleti. Kwa hiyo sikuirudisha kwenye gari la mtu. Inawasha taa za kibanda cha chipsi cha jirani yangu, na mwezi wa tano huu daraja bado linasoma 4.

Dereva alipita wiki iliyopita kunionyesha fremu mpya ya chuma aliyochongewa, imefungwa kwa boliti mbili, haitikisiki. Nikamuuliza stata ya zamani iko wapi. Iko nyuma ya siti, nzima kabisa, na bosi wake bado anatafuta mtu wa kumuuzia.